Bao Lisilo na Kamera

Kutoka jengo la Simba lililopo Mtaa wa Msimbazi hadi jengo la Yanga, kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, ni mwendo mfupi wa miguu, mradi mtu ajue kupenya katikati ya machinga na mikokoteni ya Kariakoo. Katika kieneo hicho kidogo ndimo zinamotoka kauli zinazosomwa na Watanzania wengi kila siku. Kurasa za Instagram za klabu hizi mbili zina mamilioni ya wafuasi. Msemaji akiandika mstari mmoja usiku, kabla jua halijachomoza umeshafika kwenye daladala za Gerezani, kwenye vipindi vya michezo vya redio na kwenye vijiwe vya kahawa vya Mtaa wa Narung'ombe.

Klabu hizo hizo ndizo zenye timu za wanawake, Simba Queens na Yanga Princess. Nembo ni ile ile na rangi ni zile zile. Lakini anayefuatilia kurasa kuu kwa msimu mzima huona jinsi mambo yanavyogawanywa. Kwa wanaume kuna picha za mazoezi ya asubuhi, safari ya ndege, kikosi kinachoanza, bao kutoka pembe tatu, mahojiano baada ya mechi, hata video ya mchezaji akitania wenzake kwenye basi. Kwa wanawake, mara nyingi, kuna bango la matokeo: mabao mawili kwa bila, na siku ya bahati njema majina ya wafungaji.

Malalamiko yaliyozoeleka ni kwamba wanamichezo wanawake hawapewi nafasi ya kutosha. Ni kweli, ila hapo tatizo limetajwa nusu. Mchezaji ambaye mchezo wake haurekodiwi hubakiwa na kitu kimoja tu cha kujadiliwa, nacho ni mwili wake. Bao alilofunga halimo kwenye simu ya mtu. Pasi aliyotoa haimo, wala mpira aliounyang'anya dakika ya 88. Kilichomo ni picha yake, na picha isiyo na mchezo nyuma yake humwita mtazamaji atoe maoni juu ya kifua, nywele, sauti na ndoa. Matusi ya mtandaoni dhidi ya wachezaji wa kike hupata nguvu pale ambapo hakuna mpira wa kuzungumzia.

Oktoba 2022 inatoa ushahidi ulio karibu. Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, ilikuwa India kwenye Kombe la Dunia. Hakuna timu ya Tanzania ya mpira wa miguu, ya wanaume au ya wanawake, iliyokuwa imewahi kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Mabinti wa kocha Bakari Shime walianza vibaya kwa kufungwa 4-0 na Japani. Kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, kwa bao la Diana Mnally na penalti ya Christer Bahera. Wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, Veronica Mapunda akisawazisha. Wakaingia robo fainali, na huko wakatolewa kwa 3-0 na Colombia, timu iliyokuja kucheza fainali ya mashindano yale.

Robo fainali hiyo ilichezwa Jumamosi, Oktoba 22. Siku iliyofuata, Yanga na Simba zilikutana kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa na kutoka sare ya 1-1. Augustine Okrah alifunga, Stephane Aziz Ki akasawazisha kwa mpira wa faulo ambao hadi leo mtoto wa Kariakoo anaweza kuuigiza kwa mpira wa makaratasi, hatua kwa hatua, kuanzia alivyosimama hadi alivyoshangilia. Ameuona mara nyingi mno. Umekatwa, ukapunguzwa kasi, ukawekewa muziki, ukarushwa tena kila derby ilipokaribia. Bao la Diana Mnally dhidi ya Ufaransa, nchi ambayo jina lake peke yake huwatisha wengi kwenye soka, ni mtoto gani wa mtaa huo anayeliigiza? Mtu hawezi kuigiza kile ambacho hakukiona, na mpira wa faulo wa Aziz Ki ulikuwa umeijaza simu yake kabla ya robo fainali ya India kumaliza hata siku mbili.

Hakuna haja ya kuilaumu derby. Ni mali ya jiji hili, na furaha yake ni halali. Swali ni kwa nini wikiendi moja isingeweza kubeba yote mawili, kwa kurasa ambazo hazina ukomo wa nafasi kama gazeti lenye kurasa kumi na sita. Kwa miongo mingi wahariri walikuwa na sababu: karatasi ni chache, wino ni ghali, ukurasa wa mwisho ni mmoja. Mtandaoni sababu hiyo imekufa. Nafasi ipo tele na bado mgao haujabadilika, maana yake ni kwamba nafasi haikuwa kikwazo chenyewe.

Watafiti wa Marekani, Cheryl Cooky na Michael Messner wakiwa miongoni mwao, wamekuwa wakipima habari za michezo kwenye televisheni za nchi hiyo tangu 1989. Ripoti yao ya 2021 ilionyesha kwamba mwaka 2019 michezo ya wanawake ilipata asilimia 5.4 ya muda wa matangazo waliyoyachunguza, na mwaka huo ulikuwa wa Kombe la Dunia la wanawake ambalo Marekani ilitwaa. Walipopima pia machapisho ya mtandaoni, waliona pengo lile lile likijirudia. Wengi walitarajia kwamba teknolojia mpya ingevunja mazoea ya zamani. Kumbe mtu aliyehama dawati la habari kwenda kwenye ukurasa wa Instagram alihama na mazoea yake.

Hapa nyumbani mazoea hayo yalijionyesha wazi Agosti 22, 2021. Ikulu ya Dar es Salaam ilikuwa imewaalika vijana wa kiume wa chini ya miaka 23 waliotwaa ubingwa wa CECAFA. Katika hotuba yake, Rais Samia Suluhu Hassan aliwagusa wanasoka wa kike: akasema wapo wenye vifua bapa kiasi kwamba mtu anaweza kuwadhania wanaume, na kwamba kwa wengine ndoa imebaki ndoto. Alieleza pia wasiwasi kuhusu maisha yao miguu itakapochoka, na wasiwasi huo ulikuwa wa haki kabisa. Wachezaji wengi wa kike wa kizazi cha kwanza walistaafu bila akiba, bila bima, bila hata picha za mechi zao.

Lakini hoja ya maisha baada ya mpira haikuzunguka kwenye simu. Klipu iliyozunguka ilikuwa ya vifua. Ilivuka mipaka, ikaripotiwa na vyombo vya habari vya dunia, na chini yake watu wakaanza kubandika picha za wachezaji wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, na kuzipima moja moja. Wapo waliowatetea kwa nguvu, wakiwemo wanaharakati na wanasiasa wanawake. Hata utetezi huo, kwa bahati mbaya, ulilazimika kuzungumzia miili yao, kwa sababu mjadala ulikuwa umeshasimamishwa hapo. Hakukuwa na video mkononi ya kuwajibu wabishi kwa kusema: tazama alivyopiga shuti hili, kisha rudi tuzungumze.

Wiki saba baadaye, Oktoba 9, 2021, Twiga Stars wakiwa timu mwalikwa Afrika Kusini waliifunga Malawi 1-0 kwenye fainali ya COSAFA, mashindano ya nchi za kusini mwa Afrika, na kubeba kombe. Enekia Kasonga ndiye aliyefunga. Taifa lilipongeza, kurasa za Serikali na za shirikisho ziliweka picha za kombe, pongezi zikamiminika kwa siku chache. Ukimuuliza leo mtu mwenye simu nzuri akutajie tukio gani la soka la wanawake analikumbuka kutoka mwaka 2021, kuna uwezekano mkubwa atataja hotuba na asitaje fainali. Hiyo ni dhuluma kwa Kasonga. Bao lake lilistahili kuwa kumbukumbu ya mwaka ule.

Kuna neno ambalo kila msichana anayecheza mpira Ilala, Temeke au Magomeni amelisikia tangu utotoni: jike dume. Zamani lilitamkwa pembeni ya uwanja na likapotea na upepo. Sasa linaandikwa chini ya picha yake, linabaki hapo, mama yake analisoma, mchumba wake analisoma, na mwajiri wa kesho atalikuta. Nahodha wa Zambia, Barbra Banda, alifunga mabao matatu katika mechi mbili mfululizo kwenye Olimpiki ya Tokyo, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya katika mashindano hayo. Alipotangazwa Mwanasoka Bora wa Kike wa BBC mwaka 2024, sehemu kubwa ya mazungumzo mtandaoni ilikuwa kama yeye ni mwanamke wa kutosha. Banda ana bahati moja ambayo wenzake wa ligi yetu hawana: mabao yake yapo, yanaonekana, na kila tusi linaweza kujibiwa nayo.

Takwimu za dunia zinathibitisha kwamba mzigo huu unawaelemea wanawake zaidi. Shirikisho la riadha la dunia lilichunguza akaunti za Twitter za wanariadha 161 wakati wa Olimpiki ya Tokyo, na kati ya machapisho 132 ya matusi yaliyobainika, asilimia 87 yaliwalenga wanawake. FIFA nayo, baada ya Kombe la Dunia la wanawake la 2023, iliripoti kwamba mchezaji mmoja kati ya kila watano alilengwa na ujumbe wa kibaguzi, wa matusi au wa vitisho. Hao ni wachezaji waliokuwa wameandaliwa mfumo maalumu wa kuchuja komenti. Binti wa ligi ya Tanzania analindwa na kidole chake mwenyewe.

Ni rahisi kusema mashabiki hawapendi mpira wa wanawake, kwa hiyo soko ndilo limeamua. Kariakoo, kitovu cha biashara cha nchi hii, ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kuikataa hoja hiyo. Mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo anajua kwamba bidhaa isiyotundikwa haiuzwi, na kwamba mteja hununua alichokiona kwa mwenzake. Wafanyabiashara wa hapa hapa, kama Vunjabei na Sandaland, waliwahi kupewa kazi ya kutengeneza na kusambaza jezi za Simba. Majina yanayobandikwa migongoni mwa jezi hizo ni majina ambayo watu wameyasikia yakitajwa mara elfu.

Hata mapenzi ya Simba na Yanga hayakuota yenyewe. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa sehemu kubwa ya maisha yao Watanzania wengi hawakuwahi kuziona zikicheza. Walizisikia. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam kama Ahmed Jongo na Charles Hilary walikaa kibandani uwanjani, wakataja jina la mchezaji kila alipogusa mpira, na msikilizaji wa Songea au Ukerewe akajenga uwanja mzima kichwani mwake. Kutajwa kwa jina, tena na tena, pamoja na kile mwenye jina alichokifanya: huo ndio msingi wa soko ambalo leo linaonekana kama maumbile. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17. Kuilinganisha na mashine iliyojengwa kwa karibu miaka tisini, kisha kusema watazamaji wameikataa, si hesabu ya haki.

Fedha nazo zina mkono wake. Mwaka 2021 Azam Media na shirikisho la soka, TFF, walisaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi kuu ya wanaume wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Kwa fedha hizo kamera huwa nyingi, warushaji huwa wengi, na kila mechi inazaa klipu kumi ambazo kurasa za klabu, za redio na za mashabiki zinazigawana bure. Mechi ya wanawake inayochezwa katikati ya wiki alasiri, kwenye Uwanja wa Karume pale Ilala au kwingineko, mara nyingi hubaki na kamera chache au simu ya shabiki mmoja. Klipu huzaliwa na kamera. Msimamizi wa ukurasa anayeambiwa "weka na za wanawake" hana cha kuweka, hivyo anaweka picha, na picha inayopendwa haraka ni ile ya mchezaji aliyependeza.

Hakuna ubaya wowote mchezaji kupenda kupendeza. Anayesuka vizuri, akapaka rangi ya midomo, akavaa gauni la harusi ya rafiki na kujipiga picha mbele ya kioo anafanya kile ambacho wasichana wote wa mji hufanya, na kumtaka aonekane jasho na matope tu ili aitwe mwanamichezo wa kweli ni kifungo kingine. Tatizo ni pale kurasa za habari za michezo, zenye wajibu wa kuripoti mchezo, zinapoandaa orodha za warembo wa ligi na kuacha orodha ya wafungaji. Msomaji anamaliza msimu akijua nani ana macho mazuri Yanga Princess na hajui nani aliongoza kwa mabao.

Mfano unaoeleza yote haya umetoka Jangwani kwenyewe. Aisha Masaka alikuwa Yanga Princess kabla ya kusajiliwa na BK Häcken ya Sweden mwaka 2022, na mwaka 2024 akaenda Brighton, akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa katika ligi kuu ya wanawake ya Uingereza. Clara Luvanga naye alipita Yanga Princess, akaenda Hispania kwa Dux Logroño, na tangu 2023 yupo Al Nassr ya Saudi Arabia. Luvanga akifunga bao Riyadh jioni, usiku huo huo liko kwenye simu za Kariakoo, limekatwa vizuri, lina jina lake, lina dakika, lina sauti ya mtangazaji. Kurasa za Tanzania hulichukua na kulirusha kwa fahari, na komenti zinabadilika: watu wanazungumzia kasi yake, mguu wake wa kumalizia, nani amkabe.

Ni Luvanga yule yule, kwa miguu ile ile aliyokuwa nayo Dar es Salaam. Kilichoongezeka ni klabu inayorekodi kila mechi na kuwatendea mashabiki wa timu ya wanawake kama watu wanaostahili kuona mpira. Kwa hiyo mtu anayedai kwamba shabiki wa Kitanzania hana hamu na mwanamke anayefunga mabao anakanushwa kila Luvanga anapofunga. Inasikitisha kwamba ilibidi avuke bahari ndipo jirani zake waone anachokifanya.

Kurekodiwa ni mkate pia. Klabu ya Ulaya au ya Uarabuni haisajili kwa kusikia sifa. Wakala anaomba video, na anaomba mechi nzima, maana vipande vilivyopangwa kwa muziki havimwambii mchezaji anafanya nini timu ikiwa haina mpira. Msichana anayefanya mazoezi kwenye viwanja vya JMK Park, Kidongo Chekundu, vilivyofunguliwa mwaka 2015 hatua chache kutoka Kariakoo, anaweza kuwa na kipaji cha Masaka. Kama miaka yake mitatu ya ligi haina hata dakika 90 zilizohifadhiwa, kipaji hicho kitabaki kusimuliwa na kocha wake tu.

Historia nayo inapotea kwa namna hiyo hiyo. Theresia Dismas alirusha mkuki mwaka 1965 mjini Brazzaville, kwenye Michezo ya kwanza ya Afrika, akapata medali ya fedha na kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata medali ya kimataifa; ni binti gani leo anayeweza kuuona mrusho ule? Wanawake wa Zanzibar waliocheza soka na kocha Nassra Juma walipata filamu kuhusu maisha yao mwaka 2007, na aliyeitengeneza, Florence Ayisi, hakuwa Mzanzibari wala Mtanzania. Twiga Stars wa mwaka 2010, waliofuzu kwa mara ya kwanza fainali za Afrika wakiwa na kocha Charles Boniface Mkwasa na nahodha Sophia Mwasikili, wanaishi zaidi kwenye vichwa vya watu waliokuwepo kuliko mahali popote ambapo binti wa leo anaweza kuwatafuta.

Hata ushindi mkubwa wa karibuni hupita kwa mtindo huo. Septemba 24, 2023, Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin Marathon kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Siku ile ile, kwenye barabara ile ile, Tigst Assefa wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia kwa 2:11:53, na macho yote yakaenda kwake, ikaeleweka. Lakini Dar es Salaam haikuwa na sababu ya kutazama kwa macho ya Berlin. Mtanzania alikuwa kwenye jukwaa la moja ya mbio kubwa kuliko zote duniani, na habari yake kwenye kurasa nyingi ilikuwa picha moja na pongezi. Hakuna aliyeeleza alikimbia kilomita za mwisho vipi, nani alimwacha nyuma, au kwamba mshindi wa pili, Sheila Chepkirui wa Kenya, alimzidi kwa chini ya dakika moja. Kwa mkimbiaji, dakika hiyo ndiyo habari.

Haki inataka isemwe pia kwamba klabu hizi zimewahi kuonyesha zinavyoweza. Agosti 2022 mashindano ya CECAFA ya klabu za wanawake yalipochezwa Dar es Salaam, Simba Queens waliifunga She Corporates ya Uganda 1-0 kwenye fainali, na ukurasa mkuu wa Simba ukavuma. Baadaye mwaka huo walikwenda Morocco kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake, wakazifunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia, wakafika nusu fainali na kumaliza wa nne. Mashabiki waliamka, wakabishana kuhusu kikosi, wakamlaumu kocha, wakahesabu nafasi zilizopotezwa kwenye nusu fainali hiyo dhidi ya Mamelodi Sundowns. Kwa wiki mbili wale wachezaji walitukanwa kama wachezaji wa mpira wanavyotukanwa: kwa kukosa mabao. Mwenye kulijua soka la nchi hii anaelewa hiyo ilikuwa hatua mbele.

Baadaye mechi za ligi zikarudi, na mabango ya matokeo yakarudi nazo. Julai 2025, Twiga Stars wakiwa kwenye fainali za Afrika kwa mara ya pili tu katika historia yao, walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa bao la Opa Clement, mchezaji wa zamani wa Simba Queens. Julai ni mwezi wa usajili. Kurasa zilikuwa na kazi ya kumsubiri mchezaji mgeni uwanja wa ndege.

Yanayoweza kufanyika hayahitaji tume. Mhariri wa ukurasa anaweza kujiwekea sharti kwamba kila picha ya mwanamichezo mwanamke ibebe jina lake kamili na jambo alilolifanya mchezoni. Redio zenye vipindi vya michezo vya mchana vinavyodumu saa mbili, ambavyo vipande vyake ndivyo vinavyozagaa mtandaoni, zinaweza kumwalika mchambuzi aliyeitazama mechi ya Yanga Princess badala ya kumuuliza mchezaji ataolewa lini. Klabu inaweza kumlipa mtu mmoja wa kusafisha komenti. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, tayari inakataza unyanyasaji wa mtandaoni. Imetumika sana kwa mambo mengine. Mchezaji anayetukanwa kila wiki anastahili klabu yenye mwanasheria wa kumsaidia kuitumia.

Jambo la watoto halipaswi kusubiri hata kidogo. Waliokwenda India walikuwa na umri wa miaka 17 au chini ya hapo, na timu za vijana zinaendelea kushindana kila mwaka. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Ukurasa unaoweka picha ya mtoto huyo akiwa amevaa kaptula na kuacha komenti wazi kwa watu wazima laki kadhaa umemwacha peke yake mahali ambapo hakuna mzazi angekubali asimame. Kufunga komenti kwenye picha za timu za chini ya miaka 18 ni kazi ya sekunde tatu, na TFF inaweza kuifanya kuwa amri leo.

Kisha kuna kamera. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, lilishazilazimisha klabu zinazoshiriki mashindano yake ya wanaume kuwa na timu za wanawake, kwa njia ya leseni za klabu, na klabu zikatii kwa sababu zisingepata leseni. TFF inaweza kutumia njia hiyo hiyo: klabu mwenyeji irekodi mechi nzima, iikabidhi kwa timu zote mbili na kwa wachezaji ndani ya siku mbili, na mabao yote yawekwe wazi mahali pamoja yakiwa na majina na dakika. Msimu wa 2024/25 ligi ya wanawake ilikuwa na timu 10, yaani mechi 5 kila raundi na 90 kwa msimu mzima, na vijana wanaopiga video za harusi wamejaa mitaa ya Kariakoo na wanajua kazi hiyo.